Mtakatifu Fransisko wa Assisi: Mikono Iliyowafungua Ndege

Kila tarehe 4 Oktoba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam jina lake si geni. Wakapuchini wa Uswisi, watoto wake wa kiroho, walifika kwetu mwaka 1921, na mmoja wao, Askofu Mkuu Edgar Maranta, aliliongoza Kanisa hili tangu mwaka 1930 hadi 1968. Wengi wetu tunamfahamu Fransisko kwa sanamu yake, akiwa na ndege begani. Sanamu hiyo ni nzuri, ila yaweza kutufanya tudhani kwamba upendo wake kwa ndege ulikuwa jambo jepesi. Tukiyatazama maisha yake tunaona kwamba ulitanguliwa na toba, ukatendwa kwa mikono.

Fransisko alizaliwa Assisi, Italia, mwaka 1181 au 1182, mwana wa Pietro di Bernardone, mfanyabiashara tajiri wa nguo. Ujana wake ulikuwa wa karamu, nyimbo na ndoto za kuwa askari mashuhuri. Mwaka 1202 alikwenda vitani dhidi ya mji wa Perugia, akatekwa na kukaa kifungoni yapata mwaka mzima. Alirudi nyumbani mgonjwa, na mambo aliyoyapenda zamani yakaanza kumchosha.

Wongofu wake haukuanzia kwa ndege, bali kwa wenye ukoma. Fransisko aliwachukia wagonjwa hao kiasi cha kuziba pua alipopita karibu na makazi yao. Kwa neema ya Mungu alimwendea mmoja wao, akampa sadaka na kumbusu. Kisha akaenda kuishi kati yao na kuosha vidonda vyao. Mwaka 1206, mbele ya Askofu wa Assisi, alivua hata mavazi aliyokuwa nayo, akamrudishia baba yake kila kitu. Mwaka 1209 Papa Innocent III aliwaruhusu yeye na wenzake wachache kuishi Injili katika ufukara. Ndivyo lilivyoanza Shirika la Ndugu Wadogo.

Mtu huyu aliyekwisha kujifunza kuinama mbele ya mgonjwa ndiye aliyejua kuinama mbele ya ndege. Thomas wa Celano, aliyeandika habari za maisha yake miaka michache tu baada ya kifo chake, anasimulia kwamba karibu na Bevagna Fransisko alikuta kundi kubwa la ndege, wakiwamo njiwa na kunguru. Aliwasalimu, akawahimiza wamsifu Muumba aliyewavika manyoya na kuwapa mabawa. Alipoondoka alijilaumu kwa kutowahubiria siku zote zilizopita. Tuangalie: hakuwachagua ndege wazuri tu. Kunguru, ambaye sisi tunamjua zaidi majalalani, naye alikuwamo katika mkutano ule.

Masimulizi ya Wafransisko yanaeleza pia habari ya kijana aliyewanasa hua wengi, akawa anawapeleka sokoni. Fransisko alimsihi ampe. Kijana akakubali, na mtakatifu akawapokea kifuani pake, akawatengenezea viota. Hua wakataga na kulea makinda kati ya ndugu, wakaondoka pale tu Fransisko alipowabariki na kuwapa ruhusa. Kijana yule naye akawa mtawa. Vilevile, alipokuwa akivuka ziwa la Rieti, mvuvi alimzawadia ndege mdogo wa majini. Fransisko alifumbua viganja ili aruke. Ndege alikaa mikononi mwake kama kiotani, mpaka alipoambiwa kwa upole aende zake.

Humo mna mafundisho matatu. Fransisko aliokoa, akatunza, kisha akaachilia. Hakumfungia ndege tunduni ili afurahie sauti yake, kwa kuwa fukara wa Kristo hamiliki uhai wa kiumbe. Tena hakuwaokoa hua kwa kumfukuza kijana; alimpata kijana pamoja na hua.

Huruma hiyo haikuwasahau wanadamu. Fransisko alitamani mfalme atoe amri kwamba siku ya Noeli nafaka zimwagwe barabarani kwa ajili ya ndege, na siku hiyohiyo matajiri wawalishe maskini hadi washibe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyo: inatukumbusha wema wa watakatifu kwa wanyama, inasema kuwatesa bila sababu hakupatani na hadhi ya mwanadamu, na inaonya tusiwatumie fedha zinazopaswa kwanza kuondoa dhiki ya watu.

Jambo hili linatuhusu katika mitaa yetu ya Kipawa, Ukonga na Temeke. Watoto wetu huchonga manati na kutega kwa urimbo. Hua akivunjika bawa, huwa kitu cha kuchezea hadi afe. Bundi akitua juu ya bati usiku, hupigwa mawe kwa kudhaniwa mjumbe wa mchawi au wa kifo. Mkristo aliyebatizwa hana sababu ya kumwogopa bundi, kiumbe wa Mungu anayetupunguzia panya. Kumuua kwa hofu hiyo ni kuupa ushirikina heshima usiyostahili.

Basi tuwafundishe watoto jinsi ya kutenda. Kinda mwenye manyoya akionekana chini, mara nyingi anajifunza kuruka na wazazi wake wako karibu. Tumwepushe na paka, tumwache. Ndege aliyejeruhiwa tumfunike kwa kitambaa, tumweke katika boksi lenye matundu, mahali penye giza, joto na utulivu, tusimmiminie maji wala maziwa mdomoni, nasi tunawe mikono kwa sabuni. Ila ndege waliokufa au wanaougua wengi kwa pamoja tusiwaguse, tutoe taarifa. Kisha tumtafute daktari wa mifugo au ofisa wa wanyamapori, maana ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wala si halali kuwafuga bila kibali.

Mwaka 1224, mlimani La Verna, Fransisko alipokea madonda matakatifu ya Bwana. Kipanga aliyekuwa na kiota pale alimwamsha usiku kwa saa ya sala. Mtakatifu alipougua, ndege yule alichelewa kumwamsha hadi alfajiri. Alikufa jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, na inasimuliwa kwamba vipozamataza waliruka wakiimba juu ya nyumba alimolazwa. Mwaka 1228 alitangazwa mtakatifu. Mwaka 1979 Mtakatifu Yohane Paulo II alimfanya msimamizi wa wanaohifadhi mazingira, na mwaka 2015 Papa Fransisko aliuanza Waraka wake Laudato si' kwa maneno ya wimbo wa mtakatifu huyu.

Tuombe neema ya kuinama kama yeye: kwanza kwa ndugu aliye mgonjwa, kisha kwa kiumbe mdogo aliyeanguka njiani petu.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, utuombee.