Jun'ichiro Tanizaki na Ndugu Wanne wa Kike wa Osaka

Jun'ichiro Tanizaki alizaliwa mwaka 1886 katika mtaa wa Nihonbashi, Tokyo, kwenye ukoo wa wafanyabiashara ambao mali yake ilipukutika mikononi mwa babake. Aliondoka Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kwa kukosa karo, ingawa hadithi zake za ashiki na ukatili zilikwisha kumpatia jina. Mtetemeko wa ardhi wa Septemba 1923 ulipoiangamiza Tokyo, alihamia eneo la Osaka na Kobe. Huko alikutana na Matsuko Morita, mmoja wa ndugu wanne wa kike, akamwoa mwaka 1935.

Ndugu hao ndio chimbuko la riwaya yake kuu, Sasameyuki. Tsuruko, Sachiko, Yukiko na Taeko wanaishi kati ya mwaka 1936 na 1941 chini ya kivuli cha jina kubwa lisilo na mali tena. Posa za Yukiko zinavunjika moja baada ya nyingine. Mafuriko ya Kobe ya mwaka 1938 nusura yamwue Taeko. Majirani Wajerumani wanafunga virago. Vita vya China vinasikika kwa mbali mno. Maumivu ya Wachina hayamo kabisa, na kasoro hiyo haifichiki.

Sura za kwanza zilitoka katika jarida la Chuo Koron mwezi Januari na Machi 1943. Wanajeshi wakazipiga marufuku. Kwao, masimulizi ya mavazi, posa na safari za kutazama maua ya mcheri yalikuwa anasa ya kike inayolegeza nyoyo za taifa lililo vitani. Tusimfanye Tanizaki shujaa: katika tafsiri yake ya Hekaya ya Genji, iliyotoka kati ya mwaka 1939 na 1941, alikubali kuziacha sehemu zilizogusa heshima ya ufalme. Mara hii, hata hivyo, hakuiacha kalamu. Mwaka 1944 alichapisha juzuu ya kwanza kwa faragha, nakala zipatazo 200, akawagawia marafiki. Polisi wakamwonya, na juzuu ya pili ikazuiwa. Aliendelea na kazi hiyo huku akiyakimbia mabomu, kwanza Atami, kisha Katsuyama, mkoani Okayama. Mwezi Machi 1945 sehemu kubwa ya Osaka iliteketea.

Riwaya ilitoka hadharani kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1946 na 1948. Simulizi inakomea majira ya kuchipua ya 1941, Yukiko akiwa garimoshini kuelekea kuolewa, tumbo likimsumbua. Msomaji wa Kijapani aliyekuwa ametoka kuzika jamaa zake alijua yaliyowangoja wasafiri hao; mwandishi hakuhitaji kumtajia hata bomu moja.

Tanizaki alitunukiwa Nishani ya Utamaduni mwaka 1949. Alifariki tarehe 30 Julai 1965, akazikwa katika hekalu la Honen-in, Kyoto. Kaburi lililo jirani na lake ni la Shigeko, nduguye Matsuko, ambaye ndiye aliyekuwa kielelezo cha Yukiko.