Mjue Bell, mwindaji aliyeangusha tembo kwa risasi nene kama penseli

Ukipanda vilima vya Kolo, wilayani Kondoa, utakuta michoro ya kale kwenye miamba: tembo, twiga, pofu na watu wembamba. Jirani tu, kule Chemba, Wasandawe walisifika kwa upinde na mshale wa sumu. Mshale ni kijiti tu, lakini mnyama mkubwa anaanguka. Siri ni kujua unapiga wapi na unapiga na nini.

Kuna Mskoti mmoja aliyeishi na siri hiyo hiyo kwa kutumia bunduki. Anaitwa Walter Bell, maarufu kama Karamojo Bell.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1880, familia yenye pesa, lakini wazazi wakafariki akiwa bado mdogo. Shule hakuitaka kabisa. Akiwa kijana mbichi, akafika Afrika Mashariki na kupata kazi ya kulinda wajenzi wa reli ya Uganda wasiliwe na simba.

Baadaye akaenda Kanada, eneo la Yukon, ambako watu walikuwa wanakimbilia dhahabu.  Aliwinda kulungu wa nchi za baridi na kuuza nyama mjini Dawson City. Mwenzake akamtapeli pesa zote. Akauza bunduki, akajiunga na jeshi lililopigana vita vya Makaburu Afrika Kusini.

Mwaka 1902 akarudi huku. Safari hii alielekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kutafuta pembe za ndovu. Jina lake lilitokea huko.

Sasa sikia. Wawindaji wengi wa tembo enzi hizo walibeba bunduki nzito, nyingine karibu kilo 6, zenye risasi kubwa ya karibu gramu 50. Ukifyatua, bega linaumia. Ukishazoea maumivu hayo, unaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi inakwenda kombo.

Bell alichagua bunduki nyepesi ya milimita 7, iliyojulikana pia kama .275 Rigby. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi. Watu walimwona kichaa.

Kumbe jamaa alikuwa amefanya hesabu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno kutoka mbele hadi nyuma, akaona ubongo umekaa wapi hasa. Akajifunza kuulenga kutoka kila upande, hata akiwa nyuma ya tembo kwa mshazari. Pigo hilo mpaka leo wawindaji wanaliita kwa jina lake.

Risasi nayo hakuiokota tu. Alitaka iliyovikwa chuma chote, ndefu, yenye ncha ya mviringo. Hiyo haipanuki wala haikunjiki, inatoboa mfupa na kwenda moja kwa moja.

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Risasi ngumu inamfaa tembo, lakini kwa swala au kulungu inaweza kuleta shida. Inapita kwenye mwili na kuacha tundu dogo, mnyama anakimbia na kwenda kufia mbali porini. Mateso kwake, hasara kwako. Mnyama wa aina hiyo anahitaji risasi laini, inayopanuka kama uyoga ikishaingia. Ukigeuza, ukampiga tembo kichwani kwa risasi laini, inaweza kupasuka kabla ya kufika kwenye ubongo. Umebaki na tembo mwenye hasira.

Kitu kingine Bell alichokijali ni ubora wa risasi nzima, ganda na baruti yake. Alijaribu bunduki nyingine nzuri tu, lakini akaziacha kwa sababu risasi zake zilimsumbua. Mbele ya tembo, risasi ikigoma hupewi nafasi ya pili.

Vita Kuu ya Kwanza, ile iliyofika hadi Kondoa-Irangi mwaka 1916, ilimkuta amegeuka rubani wa Uingereza. Aliruka pia anga ya Tanganyika.

Uzeeni alirudi Uskoti, akawa anaandika vitabu na kuwinda kulungu wenye pembe za matawi. Hata hapo aliwashangaza watu kwa .220 Swift, risasi ya gramu 3 tu lakini yenye kasi kupita mita 1,200 kwa sekunde. Akafariki mwaka 1954.

Tuseme ukweli, sifa zake zina bei. Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe. Na waliomwiga bila kujua mwili wa mnyama walijitia hatarini wenyewe. Ndiyo maana leo nchi nyingi za Afrika zinataka bunduki ya .375 au zaidi kwa tembo na nyati. Hawapimi uwezo wa Bell, wanapima wa mtu wa kawaida aliyeshikwa na woga.

Tembo wangali wapo, Swagaswaga na Mkungunero. Wakiingia shambani kwako, usijifanye Bell. Waite askari wa wanyamapori.