Maisha ya Bwana R. E. Moreau, Mtambuzi wa Ndege

Sisi tuliolelewa Kariakoo twajua kwamba mchele wa Kyela na mchele mwingine, magunia yakifunguliwa sokoni, mgeni haoni tofauti. Mama zetu huunusa kwanza. Ndege wadogo wa vichakani nao ni hivyo hivyo. Wapo wengi wanaofanana kabisa, na hata aina moja huwa na koo zake, kila ukoo mahali pake. Mtu aliyehangaika sana nao katika nchi yetu ni Bwana Reginald Ernest Moreau.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi. Maradhi ya viungo yalimtesa, akapelekwa Misri mwaka 1920 apate jua, na huko akajifunza habari za ndege. Mwaka 1928 alikuja Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Akakaa mpaka mwaka 1946.

Msitu wa Amani ni mnene. Ndege husikika ndani ya mitambaazi, huonekana kidogo tu, kisha hutoweka. Kwa hiyo Bwana Moreau hakuridhika na kutazama kwa mbali. Yeye na wasaidizi wake Waafrika walipima mabawa, wakalinganisha ndege wa mlima huu na wa mlima ule, wakahesabu mayai viotani, na kuandika yote. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu alipewa jina la Moreau. Mwaka 1938 yeye mwenyewe alitangaza ndege wa milima ya Uluguru, mwenye kichwa na kifua cha rangi ya kutu, akampa jina la mkewe, Winifred.

Aliporudi kwao alikuwa mhariri wa jarida la ndege, Ibis, kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1970.

Lakini kazi haikwisha. Ndege wa milima ya Rubeho walidhaniwa kuwa sawasawa na wale wa Uluguru. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza kwamba ni aina mbali, baada ya kuchunguza rangi na vinasaba vyao. Huu si mchezo wa majina. Kama ndege wa milima miwili ni aina moja, msitu mmoja ukikatwa, wengine wamebaki. Kama ni aina mbili, basi moja imekwisha duniani, wala hatutajua tulichopoteza.

Mimi namsifu Bwana Moreau kwa kuwa alileta msituni uangalifu wa karani. Nasi tunaweza kuanza papa hapa mjini. Kati ya Oktoba na Aprili, katika Bustani ya Mimea, huenda mkamwona ndege mdogo wa kijani na manjano aliyeruka kutoka Ulaya au Asia. Ni vigumu sana kujua ukoo wake kwa macho tu. Basi msikimbilie kumpa jina. Sikilizeni sauti yake, andikeni siku na mahali, kisha ulizeni.