Maria Goeppert Mayer, mama aliyesoma siri ya etani

Ndugu wachimbaji wa Walikale na Masisi, na ninyi mama na watoto munaobakia nyumbani: ile kasiterite ya Bisie, ndani yake munatoka etani. Etani njo ilisaidia mama mmoja kujua namna moyo wa atomu umepangwa.

Maria Goeppert alizaliwa mwaka 1906 Kattowitz, mji wa migodi ya makaa, leo Katowice katika Poland. Alisoma fizikia Göttingen, Ujerumani, akapata doktora mwaka 1930. Mwaka ule ule aliolewa na Joseph Mayer, Mmarekani, wakaenda Marekani.

Huko shida ikaanza. Bwana yake alipewa kazi ya profesa. Yeye, hata na doktora yake, hapana. Alifanya kazi miaka mingi karibu bule. Hata Chicago, kuanzia 1946, iniversite haikumulipa franga. Labo ya Argonne njo ilimulipa, kwa kazi ya nusu wakati.

Kule aliona jambo. Etani iko na protoni 50, na aina 10 zisizooza, kupita vitu vyote vingine. Namba 2, 8, 20, 28, 50, 82 na 126 zilikuwa zinarudi kila mara. Wengi walizichekelea. Enrico Fermi alipomuuliza swali moja, Maria akafahamu: ndani ya moyo wa atomu kuna ngazi, na kila kipande kinazunguka huku kinajizungusha chenyewe, kama wacheza dansi. Ngazi zikijaa, moyo unakuwa imara. Ilikuwa 1949.

Ngazi hizo hazionekani kwa macho. Wataalamu wanarusha protoni juu ya atomu. Moyo unaimeza, unapanda, kisha unashuka ukitoa mwali wa gama. Wakipima nguvu ya gama, wanajua kimo cha kila ngazi, sawa vile kamba inaonyesha urefu wa shimo.

Mwaka 1960, akiwa amepita miaka 50, San Diego ikamupa kazi ya profesa yenye mushahara kamili. Mwaka 1963 alipata Nobel pamoja na Jensen, aliyefikia jibu lile lile Ujerumani, na Wigner. Alikuwa mwanamke wa pili katika fizikia, nyuma ya Marie Curie. Alikufa 1972.

Basi, siku mufuko wa kasiterite unapandishwa ku mizani, mujue hesabu ya 50 iko ndani. Na binti yako akipenda hesabu, umuache asome.