Nyaatha: Maisha ya Mwenyeheri Irene Stefani

Kwaya inapoadhimisha jubilii, mtakatifu wa kwanza kukumbukwa ni Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Safari hii tumeona vyema tusimulie maisha ya mtu ambaye hatumkumbuki kwa wimbo wowote. Alikuwa sista, na sehemu kubwa ya utume wake aliifanyia ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, mlima ule ule tunaouona asubuhi tukiwa hapa Isiolo. Waliomfahamu walimkumbuka zaidi kwa furaha yake, na mahali alipoishia kuipata furaha hiyo ndipo panapotufanya tumtaje leo.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa Mercede. Familia ilikuwa kubwa, ya sala na kazi, na tangu akiwa msichana mdogo alitamani kuwa mmisionari. Mwaka 1911 aliingia katika shirika changa la Masista Wamisionari wa Konsolata huko Torino, lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla na Padre Giuseppe Allamano, ambaye sasa Kanisa limemtangaza mtakatifu. Wakonsolata hapa kwetu hawahitaji kuelezwa ni nani. Huko ndiko alikopewa jina la Irene, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni amani. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli kuja Mombasa.

Amani ikaja Afrika wakati wa vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana katika nchi ambazo leo ni Kenya na Tanzania, na kwa kuwa magari na wanyama hawakuweza kupita kila mahali, mizigo ya jeshi ilibebwa vichwani na Waafrika. Vijana wengi walichukuliwa makwao bila hiari. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kutoka kwa jeshi hilo la wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa.

Sista Irene alipelekwa kuwauguza. Kuanzia 1916 hadi 1919 alitumika katika hospitali za wapagazi: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Tusidhani hospitali hizo zilikuwa kama tunazozijua. Wagonjwa walilala wamejazana, vidonda vikiwa na funza, dawa ikiwa haba, na kila asubuhi kulikuwa na maiti za kutolewa. Yeye aliosha vidonda, akalisha wasioweza kushika kijiko, akajifunza lugha ili aweze kuzungumza na mtu aliye karibu kufa mbali na mama yake. Waliotaka aliwafundisha imani na kuwabatiza. Wasiotaka aliwauguza vile vile.

Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alikuwa akimwandaa mgonjwa mmoja kwa ubatizo. Siku moja alikuta kitanda chake ki tupu, akaambiwa amekufa na amekwisha kupelekwa ufukoni pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Alishuka hadi baharini, akaanza kutafuta kati ya miili iliyolundikwa pale, akiigusa mmoja mmoja, mpaka akampata mtu wake akiwa bado anapumua. Akambatiza palepale. Ukisoma habari hii haraka unaona ushujaa. Mimi nikiisoma polepole naona jambo jingine: kati ya mamia ya wagonjwa, alijua huyu ni nani na kitanda chake ni kipi.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na mwaka 1920 akapelekwa misheni ya Gikondi, upande wa Mukurwe-ini, alikokaa miaka kumi ya mwisho ya maisha yake. Miaka hii haina mambo makubwa ya kutangaza. Alifundisha shuleni na katika katekisimu, alilea masista wachanga, alipanda na kushuka vilima vya Gikondi kwa miguu akiwatembelea wagonjwa na akina mama waliojifungua, rozari mkononi. Vijana wengi wa huko walikuwa wameondoka kutafuta kazi mijini na katika mashamba ya walowezi, na wazazi wao hawakujua kusoma. Basi akawa mwandishi wao. Mama alikuja na maneno yake, sista akayaweka katika barua. Jibu lilipofika, akamsomea. Kwa njia hiyo alifuatilia watoto wake wa ubatizo hata walipokuwa mbali.

Wakikuyu wakampa jina: Nyaatha, mama mwenye huruma. Cheo hiki hakikutoka Torino wala Roma. Kilitoka kwa watu aliowatembelea, na watu hawampi mgeni jina la namna hiyo kwa sababu anatabasamu tu. Tabasamu lilikuwepo, wote waliomfahamu walilitaja, lakini lilikuwa na jasho ndani yake. Wapo wanaofikiri kwamba kuridhika ni kukosa haja. Irene alikuwa mtu wa haja nyingi, kila siku akitaka kufika nyumba moja zaidi.

Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo. Hapo alimwomba mkuu wake ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misheni. Ombi kama hilo si la kupokelewa kwa wepesi, na mkuu wake alisita kabla ya kukubali. Irene akarudi Gikondi na kuendelea na kazi zake kama kawaida. Majuma machache baadaye tauni ilizuka. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, na ugonjwa huo wengi waliukimbia. Sista alikwenda kumuuguza, akakaa naye mpaka alipokufa. Kisha yeye mwenyewe akaanguka. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Habari ingeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi waliomkumbuka walikuwa hasa watu wa Nyeri na masista wenzake. Lakini Januari 1989, nchini Msumbiji, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, makatekista na familia zao walikuwa wamekusanyika katika parokia ya Nipepe, mkoa wa Niassa, waasi walipovamia. Watu zaidi ya 200 walijifungia kanisani kwa siku kadhaa, katika joto, bila maji isipokuwa kiasi kidogo kilichokuwa ndani ya kisima cha ubatizo, gogo lililochongwa. Waliomba msaada wa Sista Irene. Maji yale yakawatosha. Sisi wa Isiolo tunaojua foleni ya mitungi na kiangazi kinavyokausha visima, hatuhitaji mhubiri atufafanulie maji machache kwa watu wengi ni nini. Humo kanisani mama mmoja alijifungua mtoto wa kike, na maji ya kumwosha yakapatikana. Mtoto akaitwa Irene.

Kanisa lilichunguza tukio hilo, na Papa Fransisko akalikubali kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, mbele ya umati mkubwa, Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza Misa ya kumtangaza Mwenyeheri. Dar es Salaam, ambako aliwahi kuwaosha wapagazi vidonda, ndiko alikotoka mwongozaji wa Misa ile; sijui kama kuna aliyelipanga hivyo.

Masalia yake yamo katika Kanisa Kuu la Nyeri, na kumbukumbu yake huadhimishwa kila tarehe 31 Oktoba. Kutoka hapa ni safari ya kupita Timau na Nanyuki, na anayetoka alfajiri huwahi Misa ya mchana.