Gakaara wa Wanjau: Alijichapishia vitabu, akalipa kwa miaka saba kizuizini

Kama wewe ni kijana wa Gatuanyaga na una muswada umelala kwenye simu, huenda kuna swali moja linalokunyima usingizi. Je, uupeleke kwa mchapishaji Nairobi, usubiri jibu mwezi baada ya mwezi? Au ujichange, uende kwa wapiga chapa wa Thika mjini, utoe nakala mia mbili na uanze kuuza mwenyewe?

Kabla hujaamua, hebu msikize mtu wa Karatina. Si mbali sana. Panda matatu hadi Thika, shika barabara kuu ya Nyeri, pita Makutano na Sagana, umefika. Mji huo ndio uliokuwa makao ya Gakaara wa Wanjau, aliyejichapishia vitabu tangu mwaka wa 1946, Kenya ikiwa bado koloni. Alifariki mwaka wa 2001, na vijana wengi wa leo hawajui hata jina lake. Si ajabu, manake karibu kila kitu alikiandika kwa Kikuyu.

Mtoto wa mchungaji

Gakaara alizaliwa mwaka wa 1921 Tumutumu, Nyeri. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la misheni ya Scotland, kwa hivyo nyumbani vitabu havikuwa kitu kigeni. Alisomea Tumutumu, kisha akapata nafasi Alliance, shule ambayo wakati huo ilikuwa ndoto ya kila kijana Mwafrika mwenye akili.

Hakumaliza. Mwaka wa 1940 alifukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, naye akaingia jeshini kama karani.

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani na maswali kama ya wanajeshi wenzake wengi Waafrika. Walikuwa wamepigania taji la Uingereza, na bado hawakuwa na ardhi wala sauti. Wengine waliingia siasa za majukwaani. Yeye alichukua kalamu.

Kwa nini hakungoja mchapishaji

Swali ni, angempelekea nani? Vitabu vya lugha za Kiafrika vilikuwa mikononi mwa misheni na serikali. Mwaka wa 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau ili kutoa vitabu vya kusomwa na Waafrika. Ofisi hiyo iliwasaidia waandishi wengi, hilo tusilikane. Lakini ilikuwa ofisi ya serikali, na mtu aliyetaka kuwaambia Waafrika wasimame wadai haki zao hangetarajia kufunguliwa mlango pale.

Basi Gakaara na wenzake hawakubisha hodi. Mwaka wa 1946 waliungana wakaanzisha kampuni yao wenyewe, African Book Writers. Mwaka huo huo Gakaara akatoa Uhoro wa Ugurani, kijitabu kuhusu mambo ya ndoa. Tazama alivyoanza. Hakuanza na hotuba. Alianza na jambo lililokuwa likiwasumbua vijana wa rika lake, yaani kuoa na kuolewa.

Mwaka wa 1948 akatoa kijitabu cha siasa, na hiki alikiandika kwa Kiswahili: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Alitaka kimfikie msomaji asiyejua Kikuyu. Baadaye alikitoa kwa Kikuyu pia.

Vilikuwa vijitabu vyembamba, vya bei ambayo karani au mwalimu wa shule angeimudu. Ndivyo walivyofanya waandishi wengi wa Kikuyu miaka hiyo, akiwemo Henry Muoria wa gazeti la Mumenyereri. Mwandishi alitafuta pesa, akatafuta mwenye mashine ya kuchapa, akatafuta wauzaji. Hakukuwa na mhariri wa kumwambia sura ya tatu imelegea. Hakukuwa pia na wa kumwambia hiyo siasa aitoe.

Bei ya uhuru huo

Kufikia mwaka wa 1952 Gakaara alikuwa na biashara ya vitabu yenye jina lake, alikuwa na jarida, na alikuwa akichapisha kazi za wengine, zikiwemo nyimbo za kudai ardhi na uhuru. Mwaka huo akatoa Witikio wa Gikuyu na Muumbi, tamko la imani lililofuata muundo wa kanuni ya imani ya Wakristo, ila sasa imani yenyewe ilikuwa kwa nchi na kwa waasisi wa Wakikuyu. Kumbuka huyu ni mtoto wa mchungaji. Alijua vizuri maneno hayo yangegusa wapi.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, serikali ilipotangaza hali ya hatari na kuwakamata Jomo Kenyatta na viongozi wengine, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Magazeti na vijitabu vya Kikuyu vikapigwa marufuku.

Hapo ndipo tofauti ya njia hizi mbili inapoonekana wazi. Ukichapishwa na kampuni, jina la kampuni linasimama mbele yako kidogo, na kuna watu wa kugawana nao hatari. Kitabu ulichojichapishia kina jina lako ndani, jina lako nje, na jina lako kwenye risiti. Faida ni yako, na hasara nayo ni yako peke yako.

Alizuiliwa hadi mwaka wa 1959. Alipitishwa kambi kadhaa, zikiwemo Takwa katika kisiwa cha Manda kule Lamu, Athi River na Hola. Humo ndani, bila msomaji wala wa kumlipa, aliendelea kuandika. Aliweka shajara kwa siri: nani amefika, nani anaumwa, chakula kilikuwaje, wafungwa walibishana nini. Aliandika pia barua kwa mkewe, Shifra Wairire. Karatasi hizo angeshikwa nazo angeadhibiwa, lakini alizitunza.

Mchapishaji anapokuja

Alipotoka alirudi kwenye kazi ile ile. Alianzisha jarida la Gikuyu na Muumbi, akaandika kuhusu koo za Wakikuyu, akatetea namna sahihi ya kuiandika lugha yenyewe. Kule Karatina akawa na Gakaara Press. Wasomaji wake walimpenda zaidi kwa visa vya Kiwai wa Nduuta, jamaa mjanja wa mjini ambaye kila mara anajiingiza kwenye balaa. Biashara hiyo haikumfanya tajiri, lakini ilimpa wasomaji waliomjua kwa jina.

Shajara ya kizuizini ikabaki sandukuni zaidi ya miaka ishirini. Kisha mambo yakabadilika Nairobi. Mwaka wa 1980 Heinemann ilichapisha Caitaani Mutharaba-ini, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o kwa Kikuyu, na ikaonekana kwamba kampuni kubwa inaweza kuuza kitabu cha lugha ya nyumbani. Mwaka wa 1983 Heinemann hiyo hiyo ikaitoa shajara ya Gakaara, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini.

Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Alishinda pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1988 ikatoka tafsiri ya Kiingereza, na leo karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Hata hivyo tuzo haikumkinga. Mwaka wa 1986, serikali ya Rais Moi ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, mzee huyo alikamatwa tena, akiwa na miaka 65.

Wewe sasa

Kuna watu watakuambia kujichapishia ni kwa waliokataliwa. Gakaara hakukataliwa. Alikuwa na jambo la haraka la kusema, na waliokuwa na mashine za serikali hawakutaka lisemwe. Wengine watakuambia mchapishaji ni mnyonyaji tu, asilimia 10 ya mrabaha ni dharau. Lakini angalia: kwa zaidi ya miaka thelathini Gakaara alijulikana kwa wasomaji wa Kikuyu, na ndani ya mwaka mmoja wa kuwa na mchapishaji, mhariri na mtandao wa mauzo, alijulikana barani kote.

Kwa hivyo anza kwa kujiuliza kitabu chako kinamtaka nani. Kama msomaji wako yuko Gatuanyaga, Munyu na Makongeni, anaelewa lugha yako na anahitaji kitabu sasa, jichapishie. Chukua namba ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, sajili hakimiliki yako KECOBO, na tafadhali mlipe mhariri hata kama ni kwa awamu. Kama kitabu kinahitaji kufika shuleni, nchi jirani au lugha nyingine, kipeleke kwa mchapishaji, soma mkataba mstari kwa mstari, na uulize haki za tafsiri zinabaki na nani.

Na unaposubiri jibu lao, usikae bure. Gakaara alikuwa na shajara ya kuwapa Heinemann kwa sababu aliiandika wakati hakuna aliyeiomba, na akaitunza. Muswada ulio kwenye simu moja tu, tena yenye kioo kilichopasuka, bado haujatunzwa. Leo jioni uhamishe, uweke nakala mahali pengine, kisha uendelee na sura inayofuata.