Marehemu Rashidi Mfaume Kawawa na Kima cha Chini cha Mshahara

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Matepwende, katika nchi ya Songea, akasoma hata kufika Shule ya Serikali ya Tabora. Aliajiriwa katika kazi za ustawi wa jamii, akachaguliwa kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Vyama vya wafanyakazi vilipoungana mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika.

Siku zile mshahara ulikuwa mapatano ya mwenye mali na mwenye shida. Kima cha chini cha kwanza, kilichowekwa mwaka 1957, kiliwahusu watu wa Dar es Salaam tu. Mkata mkonge wa Makanya au Ndungu hakuguswa. Shirikisho likadai kima cha nchi nzima.

Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Aliyekuwa akidai mishahara sasa alipaswa kuilinda pia hazina. Mwaka huo huo Bodi ya Mishahara chini ya Bwana Donald Chesworth ilitoa shauri lake, na tangu 1963 sheria ikaenea mbali zaidi, lakini kwa madaraja: mijini zaidi, mashambani pungufu. Ilisemwa kwamba mtu wa mjini hununua unga, kuni na hata pa kulala, na wa shamba ana migomba yake. Hoja hiyo ina haki kwa mwenye kihamba mlimani. Kwa kibarua aliyetoka mbali haina, maana yeye naye hununua kila kitu. Tena bei ya mkonge ilipoanguka baada ya 1964, mashamba mengi yalipunguza watu.

Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena tangu 1972 hadi 1977, akafariki tarehe 31 Desemba 2009.

Tangu 2007 viwango vya Tanzania Bara hupangwa kwa sekta. Sisi wanachama tumo pande zote mbili: tunaajiri wapalizi, na watoto wetu huajiriwa. Basi yafaa nchi iwe na sakafu moja ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, na miji yenye gharama iongezewe juu yake. Lakini anayemtaka mkulima alipe kima hicho, na aitazame pia bei ya zao lake.